Saa 61 kwa Wiki, Mshahara wa Saa 45

Dada, shikamoo.

Nina miaka 27, ni afisa mikopo kwenye kampuni ya mikopo midogo. Tawi letu liko Buguruni, Dar es Salaam, mimi nimepanga Mbezi. Mwezi huu natimiza miaka miwili kazini. Mshahara wa msingi ni shilingi 780,000, na nauli 100,000.

Naamka saa 10:30 alfajiri. Saa 11:15 niko kituoni, nabadilisha gari Ubungo, na saa 1:30 asubuhi kikao cha tawi kinaanza. Kuanzia saa 3 niko kwenye vikundi vya wakopaji: Vingunguti, Kiwalani, Tabata, Malapa. Nina vikundi 22 vinavyokutana kila wiki. Vilikuwa 13, lakini mwezi wa tatu mwenzetu mmoja aliacha kazi na vikundi vyake 9 nikapewa mimi "kwa muda". Kila kikundi kinakula kama saa moja na dakika kumi pamoja na njia. Chakula cha mchana ni chipsi nakula nikiwa juu ya bodaboda. Jioni tunarudi ofisini maafisa wote sita kuingiza marejesho kwenye mfumo, na hakuna anayetoka mpaka fedha taslimu ilingane na mfumo. Natoka saa 1:30 usiku. Nikifika nyumbani, kuanzia saa 3:30 bosi yuko WhatsApp kwenye grupu la tawi, anataka orodha ya waliochelewa na sababu ya kila mmoja. Linafungwa saa 5. Nalala saa 6. Jumamosi tunafanya saa 2 hadi saa 8 mchana.

Jumapili natengeneza keki za oda, kwa kawaida tatu za kilo moja, nauza 35,000 kila moja. Bila hizo ada ya mdogo wangu chuoni haitoshi, na mama yuko Korogwe ananitegemea. Kwaya niliacha, mazoezi ni Alhamisi saa 12 jioni.

Nilipolalamika, bosi alisema sijui kupanga muda. Nilipouliza ovataimu akacheka: "Afisa halipwi ovataimu, hiyo ni ya vibarua." Likizo sijawahi kwenda, kila nikiomba naambiwa nisubiri msimu upite. Nakunywa enaji mbili kwa siku. Moyo unanienda mbio nikiwa nimekaa tu, kichwa kinauma kila jioni, nimepitiliza kituo mara mbili kwa usingizi. Wateja niliokuwa nawapenda sasa naona kama wananisumbua makusudi. Shangazi anasema vijana wa siku hizi tunadeka. Niache kazi?

Afisa Mikopo, Mbezi

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Umeandika saa zako kwa usahihi, na hiyo imenirahisishia kazi, maana wengi huandika "nafanya kazi sana" halafu ukiwauliza ngapi, hawajui. Tuanze na hesabu kabla ya ushauri.

Jumatatu hadi Ijumaa uko kazini saa 12 kila siku, hiyo ni 60. Jumamosi saa 6, jumla 66. Tumpe bosi faida ya shaka, tukate saa moja ya chakula kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, ingawa hujaiona: zinabaki 61. Zile za WhatsApp, saa moja na nusu kila usiku, sijaziingiza bado. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Sura ya 366, inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Una saa 16 za ziada kila wiki, 64 kwa wiki nne. Sheria hiyohiyo inasema saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na ziwe zimekubaliwa na mfanyakazi. Umevuka kwa saa 14 kabla hatujagusa simu.

Na simu ndiyo yenye ujanja. Kati ya kutoka kazini na kurudi, mfanyakazi anatakiwa apate mapumziko ya saa 12 mfululizo. Kwa karatasi unayapata, tena bila dakika kupungua: unatoka 1:30 usiku, unarudi 1:30 asubuhi. Lakini grupu linapofungwa saa 5, mapumziko yako yamebaki saa 8 na nusu, na nyingine mbili zinaishia barabarani. Ndiyo maana unaona kama siku haijawahi kuisha.

Sasa pesa. Sheria ina kanuni yake ya kupata mshahara wa saa kwa anayelipwa kwa mwezi: mshahara wa msingi gawanya kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawanya kwa saa za kawaida za wiki. Nauli haiingii. Kwako, 780,000 kwa 4.333 ni kama 180,000. Gawanya kwa 45, unapata 4,000 kwa saa. Saa ya ziada inalipwa si chini ya mara moja na nusu, yaani 6,000. Saa 64 ni shilingi 384,000 kila wiki nne. Zikiangukia siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu ya kitaifa, kiwango ni mara mbili, 8,000. Na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya angalau asilimia 5.

Ile ya "afisa halipwi ovataimu" nimeisikia kwenye ofisi nyingi, na kila anayeisema huisema kwa kujiamini. Sheria haiangalii cheo kilichoandikwa kwenye kitambulisho. Wanaoachwa nje ya masharti ya saa za kazi ni wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na wanaoripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Wewe unasimamia vikundi vya wakopaji. Hao ni wateja. Hata hivyo soma mkataba wako leo usiku. Ukikuta kifungu kama "mfanyakazi atafanya kazi saa za ziada pale itakapohitajika", ujue umeshakubali kufanya saa za ziada, na mwajiri anaweza kukudai hilo. Hukukubali kuzifanya bure, wala kuvuka 50.

Nimekutajia sheria mapema ili ujue umesimama wapi. Usiingie nayo mkononi kwa bosi kwenye mazungumzo ya kwanza. Najua wapo watakaokwambia kimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayosikiliza migogoro ya kazi, kesho asubuhi. Nitaifikia Tume, lakini kwako kuna njia fupi zaidi, kwa sababu hesabu yako inaonyesha chanzo ni kimoja na kinajulikana.

Angalia. Vikundi 9 vya mwenzako, kila kimoja dakika 70, ni dakika 630, yaani saa 10 na nusu kwa wiki. Katika zile saa zako 16 za ziada, karibu theluthi mbili ni kazi ya mtu aliyeondoka. Hakuna kalenda, wala kuamka mapema zaidi, kutakakoingiza kazi ya mtu mmoja na nusu kwenye siku ya mtu mmoja. Kwa hiyo bosi amekosea aliposema hujui kupanga muda. Amekosea kwa saa 10 na nusu. Zile 5 na nusu zinazobaki, hapo ana hoja kidogo, na ndipo pa kuanzia kwa sababu huhitaji ruhusa ya mtu.

Saa hizo ziko sehemu mbili: kusubiri vikundini na kufunga hesabu jioni. Afisa akikaa kumsubiri mwanakikundi aliyechelewa, kikundi kinachofuata nacho kinamsubiri yeye, na kufikia cha nne amesukuma mchana wote mbele. Mpigie katibu wa kikundi jana yake, kati ya saa 9 na 10 alasiri, aseme nani hajakamilisha, ili wenzake wamtafute usiku huo na wewe usije kumtafuta asubuhi. Kikao kianze kwa saa iliyotajwa, na dakika ya 45 kifungwe. Aliyepungukiwa, kikundi kinamlipia maana dhamana ni ya wote. Kikikataa, andika upungufu, katibu na mwenyekiti wasaini, ondoka. Wiki mbili za kwanza kiwango chako cha marejesho kitayumba kidogo, jiandae. Afisa anayesubiri huwafundisha watu kuchelewa, na kuwafundisha upya kunachukua muda.

Jioni tatizo ni foleni. Maafisa sita mnarudi pamoja, mfumo unakuwa mzito, mhasibu ni mmoja. Halafu zinatafutwa elfu mbili tatu zilizopotea kwenye chenji za saa 4 asubuhi, ambazo hakuna anayezikumbuka. Hesabu fedha kikundini kabla hujainuka, kwa noti: elfu kumi ngapi, elfu tano ngapi, elfu mbili, elfu moja, sarafu. Ziandike pembeni ya karatasi ya marejesho, mwenyekiti asaini. Pesa ikikataa kulingana jioni unajua ni kikundi gani, huanzi kuhesabu upya vyote. Waliolipa kwa simu waandike namba yao ya uanachama kwenye kumbukumbu ya muamala, maana malipo yasiyo na mwenyewe ndiyo hukesha. Kisha omba mhasibu apokee mara mbili, saa 7 mchana na saa 10. Hoja ya kumpa bosi hapa isiwe uchovu wako, iwe usalama: afisa hatembei Vingunguti na fedha za vikundi vinne begani. Hiyo meneja yeyote anaielewa haraka.

Ukifanya haya vizuri unaweza kurudisha saa moja kwa siku. Tuseme 5 kwa wiki.

Kabla ya kwenda kwa bosi, nunua daftari dogo na uandike siku 14 mfululizo. Mistari minne tu kwa siku: saa niliyoingia, saa niliyotoka, kilichonichelewesha kutoka, na dakika za simu usiku. Andika siku hiyohiyo, kwa kalamu, hata ukiwa kwenye gari. Daftari lililojazwa kwa mkupuo mmoja mwisho wa mwezi linajulikana kwa macho, wino mmoja na mwandiko mmoja. Hifadhi na picha za skrini za maagizo ya usiku, lakini kuwa mwangalifu: usipige picha faili za wateja, wala orodha zenye majina na madeni yao kuzituma kwenye simu yako binafsi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwajiri anayetafuta kosa lako atalipata hapo. Picha ionyeshe saa na agizo. Majina ya wateja yafunike.

Mazungumzo yenyewe yapange wiki ya pili ya mwezi, Jumanne au Jumatano, baada ya kikao cha asubuhi. Mwisho wa mwezi meneja wa tawi ana presha ya tageti kuliko wewe, na Ijumaa kila mtu amechoka. Omba muda siku moja kabla. Peleka karatasi moja, si barua ya malalamiko: juu idadi ya vikundi kabla na baada ya mwezi wa tatu, katikati saa zako za wiki mbili, chini mapendekezo matatu achague yeye.

La kwanza, vikundi vya upande mmoja, kwa mfano vya Tabata, apewe afisa mwingine mwenye nafasi. La pili, katika vile 9, vilivyokwisha maliza mikopo miwili bila kuchelewa vihamie kukutana kila wiki mbili. Vyote vikihama unapunguza saa 5 na robo kwa wiki, ingawa usilazimishe kikundi kinachosuasua. Deni likishakaa wiki mbili bila kuonwa huwa gumu kurudi. La tatu, mpaka mrithi wa mwenzako apatikane, saa za ziada zilipwe na zisizidi 50, na iandikwe tarehe ya mwisho wa hiyo "kwa muda".

Weka hesabu mbili chini kabisa. Hali ya sasa: saa 64 za ziada, 384,000. Ukitoa saa 5 za jioni na 5 na robo za vikundi, wiki yako inakuwa kama saa 51, ziada ni 6 kwa wiki, 24 kwa wiki nne, shilingi 144,000. Bosi anayeona tofauti ya 240,000 anaanza kufikiri kama meneja. Anayesikia "nimechoka" anaanza kujilinganisha na wewe, kwamba yeye enzi zake alitembea kwa miguu.

Maneno yenyewe yanaweza kuwa hivi: "Meneja, shikamoo. Naomba dakika kumi na tano. Tangu mwezi wa tatu nina vikundi 22 badala ya 13. Nimeandika muda wangu wiki mbili, umefika saa 61 bila kazi za usiku. Marejesho sitaki yashuke, ndiyo maana nimekuja na njia tatu. Naomba uchague tunayoweza kuanza nayo Jumatatu." Kisha nyamaza. Kosa kubwa la vijana hapa ni kuendelea kuongea, mpaka wanajishusha wenyewe: "lakini hata moja tu, au tuangalie mwezi ujao." Akikujibu wote tunafanya hivyo, mjibu kwamba ndiyo maana umeleta namba zako peke yako. Akikuambia wako wengi barabarani, usibishane, shukuru, toka, na jioni hiyo tuma barua pepe fupi kwake na kwa rasilimali watu: "Nashukuru kwa mazungumzo ya leo kuhusu vikundi 9 na saa za kazi. Nimeambatisha mapendekezo. Nitashukuru kupata jibu kufikia tarehe fulani." Mpe siku 10 za kazi. Mazungumzo ya mdomo ofisini husahaulika kwa hiari.

Likizo iombe kwa fomu yake, usiichanganye kwenye kikao hicho. Kwa mwaka mmoja wa kazi una haki ya angalau siku 28 mfululizo, zikiwemo sikukuu zitakazoangukia humo. Mwajiri ndiye hupanga lini, lakini si zaidi ya miezi 6 baada ya mwaka huo wa likizo kuisha. Inaweza kufika 12 kama umeridhia na kazi kweli inadai. Wewe hujawahi kuridhia, uliambiwa tu usubiri. Likizo ya mwaka wako wa kwanza ilitakiwa iwe imetoka kufikia mwezi wa 18, na wewe uko wa 24. Andika tarehe kamili ya kuanza na kumaliza, taja afisa atakayeshika vikundi, ambatisha ratiba ya makabidhiano. "Naomba likizo" isiyo na tarehe ni rahisi kuiweka kwenye droo. Na ukiwa likizo hutakiwi kufanyishwa kazi, kwa hiyo kwenye grupu uage.

Kuhusu grupu, usijitoe. Kujitoa ghafla kunasomwa kama mgomo. Nyamazisha milio, WhatsApp inakuruhusu saa 8, wiki moja au moja kwa moja. Wiki ya kwanza jibu kabla ya saa 3:45 usiku kisha weka simu chumba kingine, au kabatini kama chumba ni kimoja. Wiki ya pili tuma orodha ya waliochelewa kabla hujatoka ofisini, tena ikiwa na sababu, na uandike mwishoni: "Likitokea la dharura usiku nipigie simu, mengine nitayajibu saa 1:15 asubuhi." Utashangaa ni wangapi hawapigi. Kupiga simu kunamgharimu mtu aibu kidogo. Kuandika ujumbe hakumgharimu kitu. Wateja nao watafutie laini ya mtandao mwingine, uizime saa 1 jioni. Namba yako binafsi ikishazagaa kwenye vikundi 22, huna usiku.

Sasa keki, na hapa tusikwepane. Keki tatu kwa 35,000 ni 105,000. Naamini unahesabu unga, mayai, siagi, sukari na krimu kama 18,000 kwa keki, unaona umebaki na 51,000. Ongeza gesi, boksi, kibao cha chini na bodaboda ya kupeleka, tuseme 4,000 kila moja: imebaki 39,000. Saa je? Kununua vitu Jumamosi baada ya kazi, kuoka, kusubiri ipoe, kupamba, kupeleka, kuosha vyombo. Zikifika 13, unalipwa 3,000 kwa saa. Hiyo ni pungufu ya saa yako ya kawaida kazini, na nusu ya saa ya ziada ambayo hulipwi. Unauza Jumapili yako kwa bei ya chini kuliko unavyouza Jumatatu. Pima mwenyewe kwa risiti zako, huenda nimekosea elfu mbili tatu, lakini sidhani nimekosea picha.

Sikwambii uache, ada ya chuo haisubiri. Punguza. Keki mbili kwa Jumapili, aina moja ya pambo, 42,000, mteja aje kuchukua mwenyewe. Bodaboda inaondoka, baki la keki moja linakuwa kama 22,000, mbili 44,000, zaidi ya zile tatu za sasa, na kazi inaisha kwa saa 7 hivi kama ukinunua vitu vya wiki mbili kwa mara moja. Utapoteza wateja kadhaa wanaotaka bei ya zamani. Waache waende.

Mwili. Enaji mbili kwa siku na moyo unaoenda mbio ukiwa umekaa, hilo usilisubirishe mazungumzo ya bosi. Nenda hospitali wiki hii, upimwe presha, wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo, na mwambie daktari wazi idadi ya enaji na saa za usingizi, maana wengi huficha. Maumivu ya kifua, kuzimia au kukosa pumzi ni ya kwenda siku hiyohiyo. Kafeini hupungua nusu mwilini kwa takriban saa tano. Kopo la saa 11 jioni bado lina nusu yake saa 4 usiku. Usikate ghafla, kichwa kitakuuma siku mbili tatu na utarudia. Anza na la jioni, libaki nusu kwa siku tatu, kisha liondoke, la asubuhi lifuate. Usingizi wako sasa ni saa nne na nusu. Simu ikifungwa 3:45 na ukalala saa 4:15, unapata zaidi ya sita bila kugusa ratiba ya asubuhi. Watu wazima wanahitaji angalau saba, lakini tuanze na kinachowezekana kwa umbali wa Mbezi.

Shangazi mpe heshima yake, ila hili si kudeka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti wao: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40. Wewe uko 61. Na ulichoandika kuhusu wateja, kwamba sasa unaona wanakusumbua makusudi, ni moja ya alama tatu ambazo Shirika la Afya Duniani hutumia kueleza uchovu wa kazi uliokithiri: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kuona huwezi kitu. Wanauhesabu kuwa hali itokanayo na kazi, si ugonjwa. Sonona ni jambo lingine: huwa inakufuata hata siku za mapumziko, hata kwenye mambo uliyoyapenda. Ukiona hivyo, au ukawaza kujidhuru, mwambie mtu wa karibu na mwende hospitali siku hiyohiyo. Daktari akikuandikia mapumziko, una siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara. Cheti cha daktari kabidhi mapema na ubaki na nakala.

Kuacha kazi? Si mwezi huu. Kwa anayelipwa kwa mwezi taarifa ni siku 28, na wewe huna akiba ya kula miezi mitatu. Kuacha kwa hasira ukitegemea kuja kudai kwamba mwajiri alikulazimisha ni njia nyembamba: itabidi uthibitishe alifanya kazi isivumilike na kwamba ulilalamika kwanza bila kusikilizwa. Daftari na barua pepe ndivyo vitakavyosema, ndiyo maana navisisitiza sasa. Wakati huohuo hakuna ubaya kupeleka maombi kwingine. Afisa mwenye vikundi 22 na marejesho mazuri ni mtu anayetafutwa.

Siku 10 zikipita bila jibu, au wakikujibu kwa vitisho, zipo njia tatu. Chama cha wafanyakazi: TUICO na FIBUCA huandikisha watu wa sekta ya fedha, na kujiunga ni haki yako. Afisa kazi wa serikali ana mamlaka ya kukagua kumbukumbu za saa na mishahara, na mwajiri anatakiwa kuzitunza. Halafu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, unajaza fomu namba 1. Mgogoro wa malipo kama huu unapelekwa ndani ya siku 60 tangu ulipotokea, wa kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Ukichelewa lazima uombe kuongezewa muda kwa sababu nzito, na "nilikuwa naogopa" haijawahi kuwa nzito. Jambo moja la kukutuliza: mwajiri akishindwa kuleta mkataba au maelezo ya maandishi ya ajira mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa ni wake.

Limebaki la kwaya. Nakushauri urudi, na sababu yangu si ya kiroho. Ukimwambia bosi unatoka mapema kupumzika, atakupa kazi. Ukisema Alhamisi saa 11 jioni natoka, kwaya inanisubiri, kuna watu thelathini nyuma ya sentensi hiyo. Anza na Alhamisi moja kati ya mbili, siku ambayo umepanga vikundi vitatu tu, na hesabu umezifunga saa 10 kwa mhasibu.

Keki za Jumapili hii ulizokwisha kupokea pesa zitoe kama mlivyokubaliana. Kisha weka status: oda zinafungwa Alhamisi saa 6 mchana, mbili tu kwa wiki, 42,000, kuchukua Mbezi stendi.